Mwongozo wa Kuliwa Pesa Doha Bila Usumbufu

Watu wetu wengi hufika Doha wakiwa tayari kutapeliwa, ila hawana utaratibu. Mmoja anapigwa viza kabla hajapanda ndege. Mwingine anakaa miaka mitatu salama salimini, kisha anauziwa kiwanja hewa wiki mbili kabla ya likizo. Yupo hata ninayemjua aliyeliwa mara tatu na mtu yuleyule, kwa kutojua tu kwamba matapeli wapo wengi na ni vizuri kuwagawia.

Mwongozo huu unakusudia kuweka mambo sawa. Umetokana na uzoefu wa mwandishi na wa wenzake watano waliolala naye chumba kimoja Sanaiya, lile eneo la viwanda ambako vitanda vimepandana kama mikate kwenye kabati na kila mtu ana stori ya pesa zilizokwenda zisirudi.

Vifaa vinavyohitajika ni simu, haraka na aibu. Simu utainunua. Haraka utapewa na atakayekupigia. Aibu umetoka nayo nyumbani. Itunze, maana bila hiyo kazi yote itaharibika.

Hatua ya 1: Ilipie kazi kabla hujaiona

Si lazima ufike Doha ndipo utapeliwe Doha. Waweza kuanzia Mombasa, Arusha au Kampala, umekaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya wakala iliyo juu ya duka la vitenge. Usiulize leseni. Anayeuliza leseni huonekana hana shida na kazi.

Barua ya ajira itakuja kwa WhatsApp, saa tano za usiku. Itazame vizuri, ni kazi ya mikono. Juu pana nembo ya shirika kubwa la ndege. Chini pana muhuri wa zambarau uliolala upande, kama uliogongwa na mtu mwenye kazi nyingi, na sahihi ya meneja asiye na jina. Mshahara ni riali 4,500 kwa ulinzi wa geti, pamoja na nyumba, chakula na tiketi. Jina la nchi limeandikwa Qatar mara ya kwanza na Quatar mara ya pili. Barua pepe imetoka kwenye anwani ya bure, kama ile anayotumia shangazi yako. Kinachotakiwa kwako ni ada ya kuharakisha tu, na ilipwe leo, maana nafasi zimebaki mbili. Nafasi huwa mbili siku zote. Ikibaki moja watu hushtuka, zikibaki tatu watu hulala.

Usiiweke barua hiyo karibu na sheria. Kima cha chini cha mshahara Qatar, tangu Machi 2021, ni riali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyekupa malazi na chakula aongeze riali 500 za nyumba na 300 za chakula. Ukizijua namba hizo utaanza kujiuliza kwa nini geti lako linalipa zaidi ya mara nne, bila hata mahojiano.

Udadisi ndio adui mkubwa wa hatua hii. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka wazi orodha ya mawakala waliosajiliwa. Tanzania kuna TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira. Uganda kuna Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Baya zaidi, wavuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Qatar humruhusu mtu yeyote kuingiza namba ya viza au ya pasipoti akaona kama viza hiyo ipo kweli. Ni dakika tano, na jasho la wakala la miezi mitatu limemwagika.

Usisome pia Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya 2004. Kifungu cha 33 kinamkataza mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje kupokea kwao ada yoyote ya kuajiriwa. Ukikijua kifungu hicho utaanza kumwuliza wakala maswali mbele za watu, na wakala ni mtu wa heshima, huenda hata mnasali pamoja.

Wenye uwezo wachukue ile tunayoiita fri viza. Maana yake viza ya bure, ndiyo sababu inauzwa ghali. Kampuni iko kwenye karatasi tu: inakuleta, haina kazi ya kukupa, inakuacha ujitafutie vibarua, na kila mwaka unampelekea kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, pesa ili akuhuishie kitambulisho ambacho kisheria yeye ndiye wa kukilipia. Biashara ya viza ni kosa chini ya Sheria namba 21 ya 2015. Lakini siku wakaguzi wakifika kibaruani, anayepandishwa gari si aliyeuza viza.

Ukimchoka kafili, nunua barua ya ruhusa ya kuhama kazi. Sheria iliondoa ulazima wa barua hiyo mwaka 2020: mfanyakazi hutoa notisi, mwezi mmoja akiwa bado ndani ya miaka miwili ya kwanza, miezi miwili akiwa ameipita, na maombi hupitia Wizara ya Kazi. Hata hivyo wapo wanaoiuza kwa maelfu ya riali, na sifa yake moja ni kwamba hakuna ofisi itakayoikataa, kwa kuwa hakuna inayoiomba.

Hatua ya 2: Pokea simu ya Ijumaa

Simu hii huja Ijumaa kabla ya swala, sare iko kwenye ndoo na mikono ina povu. Namba ni ya Qatar, tarakimu nane. Anayepiga ni afisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa maelezo yake mwenyewe. Ana sauti ya mtu aliyechoshwa na utumishi wa umma. Anasema kitambulisho chako kina dosari na kitafungwa saa nane mchana. Unasita. Ndipo anapoanza kusoma: mbili, tisa, moja, nne, sifuri, nne. Moyo unaruka. Amejuaje?

Hajui. Kitambulisho cha Qatar kina tarakimu 11. Ya kwanza ni ya karne: 2 kwa waliozaliwa miaka ya elfu moja mia tisa, 3 kwa waliozaliwa kuanzia 2000. Mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Tatu baada ya hapo ni nchi: 404 ni Kenya, 834 Tanzania, 800 Uganda. Basi ukiweka Facebook picha ya keki yenye umri wako na bendera pembeni, umeshamwandikia tarakimu sita. Tano zilizobaki atakuomba umsomee wewe mwenyewe, kwa ajili ya kuhakiki. Kisha itaingia meseji yenye namba ya siri. Msomee na hiyo, polepole, maana povu limeingia kwenye spika.

Pesa zitatoka upesi. Tangu 2024 Qatar ina Fawran, huduma ya Benki Kuu ya kuhamisha pesa papo kwa papo, na papo kwa papo ni neema kwa pande zote mbili.

Kosa la kuepuka hapa ni kukata simu. Wizara imetangaza mara nyingi kwamba haiombi namba za siri kwa simu, na benki zimerudia hivyo hadi meseji zao tunazifuta bila kuzisoma. Ukikata simu, ukapiga namba iliyo nyuma ya kadi yako ili benki iifunge akaunti, ukaandika saa na namba iliyokupigia, ukapeleka habari polisi siku hiyohiyo, utakuwa umevunja karibu kila kanuni ya mwongozo huu kabla ya swala kuisha.

Hatua ya 3: Kodi chumba cha kwenye picha

Tangazo linasema Mansoura, hatua chache kutoka stesheni ya metro, kitanda kimoja, kiyoyozi kipya. Mwenye chumba yuko safarini. Ufunguo uko kwa mlinzi, na mlinzi naye yuko safarini. Toa amana ya kukishikilia, maana wapo watu wanne wanaokitaka. Hilo la watu wanne ni kweli: mtakutana mlangoni jioni ya Alhamisi, kila mmoja na sanduku lake.

Usiombe kuona mkataba uliosajiliwa manispaa, wala usiulize anayekupangisha anapata wapi haki ya kupangisha. Na ukilipa, lipa mkononi bila risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe lengo lako ni ipotee bila habari.

Kanuni hiyohiyo itumie ukinunua simu. Duka likikuuzia iliyotumika kwa bei ya mpya, halafu wakagoma kuirudisha, nyamaza. Qatar ina Sheria ya Kulinda Watumiaji, namba 8 ya 2008, na Wizara ya Biashara na Viwanda ina namba ya malalamiko, 16001. Wizara hiyo ina tabia mbaya ya kutuma wakaguzi, kufunga maduka kwa muda na kutangaza hadharani lililofungwa. Mwenye risiti anasikilizwa. Ndiyo sababu hukuichukua.

Hatua ya 4: Mwamini anayekusalimia kwa Kiswahili

Hatua zilizotangulia zilikuwa mazoezi. Simu ya Ijumaa inakudai Kiingereza, na Kiingereza hukufanya uwe macho. Pesa kubwa hazitoki kwa Kiingereza. Zinatoka kwa "shikamoo mzee", kwa "mambo vipi kaka", kwa mtu anayejua jina la shule yako ya msingi na kioski kilichokuwa nyuma yake.

Lifikirie jambo hili kwa makini. Metrash, programu ya simu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ina lugha kadhaa, na Kiswahili hakimo. Ukipiga 16001 utajibiwa kwa Kiarabu au Kiingereza. Dirishani kwa afisa utasimama unatafuta neno la Kiingereza la kusema "alinizungusha", na hutalipata. Ofisi haina Kiswahili. Tapeli anacho, tena kitamu, cha nyumbani kabisa. Katika mji ambao siku nzima umeitwa "rafiki" na watu wasiotaka kujua jina lako, akitokea wa kukuita ndugu, utampa pochi uende ukamnunulie chai.

Huyo ndugu ana bidhaa nyingi. Ana chama cha wana Doha, ambacho zamu yake ya kupokea ndiyo ya kwanza, na zamu ya pili ikifika ameshahamia Dubai. Ana kago ya kupeleka televisheni Dar es Salaam, risiti imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha daftari. Ana uwekezaji unaozaa kila wiki. Waliokula chumvi watakumbuka upatu wa DECI, uliosimamishwa Tanzania mwaka 2009, ambako pesa ziliitwa mbegu na waliotoa waliambiwa wanapanda. Kenya ilivunwa kwa namna hiyohiyo miaka ile, na kikosi kazi kilichokwenda kuhesabu hasara kikakuta zaidi ya shilingi bilioni 8. Leo mbegu imebadilishwa jina, iko kwenye programu ya simu na inaitwa sarafu ya mtandaoni, ila shamba ni lilelile na mkulima ni wewe.

Lakini mfalme wa bidhaa zote ni kiwanja. Kila mtu aliye Doha yuko Doha kwa ajili ya kiwanja. Kwa hiyo usimtume mtu masijala ya ardhi ya kaunti akafanye upekuzi wa hati. Usikumbuke kwamba Kenya ilizindua Ardhisasa mwaka 2021, ikaanzia Nairobi, ili watu watazame rekodi za ardhi mtandaoni. Usimlipe wakili. Nunua kwa video.

Hatua ya 5: Tapeliwa tena

Wiki chache baada ya kuliwa, utapigiwa na mtu mpole aliyesikia yaliyokupata. Yeye kazi yake ni kurudisha pesa zilizoibwa. Ana rafiki benki, ana rafiki polisi. Anahitaji asilimia kumi tu mbele. Usijiulize amesikiaje, ilhali hukumwambia mtu yeyote. Aliyesikia ni yule uliyemlipa.

Mahali pa kuepuka

Kwa faida ya msomaji asiyependa kusumbuliwa na haki yake, nimeorodhesha hapa ofisi za kupita ukiwa umeangalia chini.

*Wizara ya Kazi, simu 16505.* Hupokea malalamiko ya mishahara isiyolipwa na mikataba iliyogeuzwa. Tangu 2018 kuna pia kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi. Ukiwaambia mwajiri amekaa na pasipoti yako, wanaweza kukukumbusha kwamba faini yake hufika riali 25,000, na ukakosa tena usingizi kwa furaha.

*Polisi wa makosa ya uchumi na mtandao.* Wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na taarifa waweza kuipeleka kituoni au kupitia Metrash. Kwa hatari iliyo mbele yako sasa hivi, namba ni 999.

*Benki yako.* Hii iepuke hasa katika saa ya kwanza, maana ndiyo saa ambayo pesa bado zina miguu ya kurudi. Benki ikikupiga chenga, juu yake kuna Benki Kuu ya Qatar, ambayo pia ndiyo inayotoa leseni kwa maduka ya kubadilisha na kutuma pesa. Lisilo na leseni ndilo lenye bei nzuri.

*Ubalozi.* Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi Doha. Hapo Kiswahili utakipata, na ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu: unaweza kujikuta umeeleza kila kitu.

*Nyumbani.* Tapeli akiwa Kenya, jamaa yako aliye huko anaweza kupiga bure kwa DCI, wapelelezi wa jinai, 0800 722 203, na namba ya tapeli wa M-Pesa hutumwa Safaricom kwa 333. Tanzania, namba inayokutumia "ile hela tuma kwa namba hii" hupelekwa 15040. Tena ukibofya *106# utaziona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na huenda ukagundua kwamba wewe mwenyewe, bila kujua, unawatapeli watu Tabora.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mwongozo huu unakuruhusu kulalamika: Facebook. Weka picha ya mtu, jina lake, namba yake, na neno mwizi kwa herufi kubwa. Sheria ya Qatar ya makosa ya mtandao, namba 14 ya 2014, ina adhabu kwa anayemkashifu mtu au kuingilia faragha yake mtandaoni, hadi kifungo cha miaka mitatu na faini ya riali 100,000. Kwa hiyo aliyeibiwa anaweza kufika mahakamani kabla ya aliyeiba, na kulipa mara mbili ni ishara ya mwanafunzi bora.

Neno la mwisho kutoka kwa mwandishi

Msomaji ana haki ya kuuliza nimehitimu wapi. Kiwanja changu kilikuwa Kikambala. Nilikiona kwa video ya dakika moja: ardhi nyekundu, mnazi mmoja uliopinda kama mzee anayetafuta kiatu, chini yake tairi kuukuu la lori, na upepo wa bahari ukivuma kwenye maikrofoni. Mimi ni mtu wa pwani. Nionyeshe mnazi, akili inalala. Muuzaji aliniita kaka, aliujua mtaa wetu, alinisalimia kwa lafudhi ya mama yangu. Nilituma riali 5,000, akiba ya miezi saba, na usiku ule nikawanunulia wenzangu biriani.

Wiki ya pili simu yake haikupatikana. Ya tatu ikapokewa na mtoto. Ya nne laini ikafa.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje, na biriani walishakula? Walipouliza kuhusu ujenzi nilisema nasubiri mvua za masika zipite. Masika yakapita, nikasema nasubiri vuli. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi niliufunika uchi wangu kwa majira ya mvua.

Baada ya miezi minane, usiku, taa imezimwa, jamaa wa kitanda cha chini, Mtanzania wa Tanga, aliniinulia simu yake ikiwa na mwanga. "Kaka, hebu tazama. Nimepata kiwanja Pangani."

Ardhi nyekundu. Mnazi uliopinda. Tairi.

"Ushalipa?"

"Jana."

Nimewataja wizara, polisi, benki na ubalozi, na nimelalamika kwamba wengi wao hawana Kiswahili. Ilikuwapo ofisi moja yenye Kiswahili, wazi usiku na mchana, isiyo na foleni wala fomu, futi nne juu ya mto wa yule jamaa wa Tanga. Kwa miezi minane niliifunga mimi mwenyewe.